Mwalimu Anajibu: Kwaresima ya mtu aliye njiani

Barua za Kwaresima mwaka huu zimenishangaza. Mwaka jana niliulizwa habari za ndoto, za mahari na za kwaya zinazogombana. Safari hii karibu kila bahasha, na kila ujumbe wa simu, una basi ndani yake. Wahariri wanajua kwamba kabla sijawa katekista niliendesha basi la Dar–Songea miaka ishirini na mbili, kwa hiyo swali lolote lenye neno "stendi" linaangukia mezani kwangu. Haya, tuanze.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu, na shikamoo. Ijumaa ya wiki iliyopita nilikuwa natoka Dar kwenda Njombe. Basi likasimama hotelini dakika kumi na tano. Kilichokuwapo ni kuku na chipsi, pilau la nyama na ndizi nyama. Nilikula kuku. Dada mmoja wa jumuiya yetu tuliyekuwa naye alinitazama vibaya mpaka Makambako. Je, nimevunja mfungo?" — Msomaji, Njombe

Milele amina, dada yangu, na marahaba. Huyo mwenzako yeye alikula nini? Hukusema, nami nimebaki na hamu ya kujua.

Tumalize la sheria kwanza. Ijumaa za Kwaresima Mkatoliki aliyefikisha miaka 14 hali nyama, na kuku ni nyama, hata kama shemeji zangu wanabisha kwamba kuku ni "kitoweo tu". Samaki ruksa, mayai ruksa, maziwa ruksa, maharage ndiyo usiseme. Kufunga kwenyewe, yaani kula mlo mmoja kamili kwa siku, ni jambo jingine: kunawahusu wenye miaka 18 hadi 59, tena siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi. Kwa hiyo Ijumaa ile hukuvunja mfungo, maana hukuwa na mfungo. Ulikula nyama siku isiyo ya nyama.

Sasa la hoteli. Nikupe siri ya barabarani ambayo ningepaswa kuiungama zamani. Basi halisimami pale kwa sababu chakula ni kizuri. Linasimama kwa sababu dereva na konda wake wanakula bure. Mita mia mbili mbele kulikuwa na mama ntilie mwenye wali maharage na mchicha kwa bei ya nusu, nasi tukampita kwa mwendo mkali mchana baada ya mchana. Kwa hiyo sehemu ya lile paja la kuku naibeba mimi na wenzangu wa usukani.

Siku nyingine funga viazi vitamu vya kuchemsha na karanga kwenye mkoba, au shusha kioo ununue mahindi ya kuchoma. Chipsi mayai pia itakufikisha Njombe, maana zege halina nyama ndani yake. Ukikosa vyote, ukala kilichopo kwa njaa, mkumbuke nabii Eliya. Alikuwa amelala chini ya mti jangwani amekata tamaa, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwambia ainuke ale kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini mchana na usiku hadi Horebu. Mkate kwanza, arobaini baadaye. Mwambie na mwenzako.

"Mwalimu, Kwaresima hii nimeacha ulanzi. Lakini nikisafiri kwenda Mbeya kikazi nakunywa bia, kwa sababu bia sikuiahidi. Wenzangu wananicheka. Nani yuko sahihi?" — Mhehe wa Iringa

Wenzako.

Ingawa naelewa ugumu wako. Mungu alipanga Kwaresima iangukie masika, na masika ndiyo wakati mianzi inapotoa ulanzi mzuri kuliko wote, ule wa asubuhi, mtamu kama togwa. Mtu wa Dar anayeacha soda hajui unachokiacha wewe. Ila umeacha ulanzi nyumbani, mahali mkeo na watoto wanakuona, ukaweka bia Mbeya ambako hakuna anayekujua. Hapo umehamisha kilabu, hujakifunga.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni konda wa basi la mikoani, nina miaka 24. Tangu Jumatano ya Majivu nimeingia kanisani mara moja tu. Ijumaa saa ya Njia ya Msalaba mimi niko Mikumi, Jumapili saa ya misa niko Chalinze. Mama ananiambia Kwaresima yangu ni bure. Nifanyeje?" — Konda, Songea

Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kiswahili chetu kina neno moja, kituo, kwa pale Yesu alipoanguka na kwa pale abiria anaposhuka na mzigo wake. Neno hilo nimelitafuna miaka mingi nikiwa nyuma ya usukani, na ladha yake si nzuri sana kwangu. Nitakwambia kwa nini.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Februari 1994. Ramadhani na Kwaresima zilipandana mwaka ule, kama zilivyopandana mwaka huu. Konda wangu alikuwa kijana Mwislamu wa Kilwa, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Tulifika Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, na jua la bonde lile unalijua. Mimi nikazunguka nyuma ya hoteli, nikaagiza wali maharage. Mpishi akauliza kama aniwekee na nyama. Nikajibu kwa sauti, wasikie na wa meza ya pili: "Hapana mama, leo Ijumaa, sisi tumefunga." Wakati huo konda wangu alikuwa amekaa kivulini juu ya tairi la akiba, hajatia kitu kinywani tangu daku, hata funda la maji, na hakuna aliyemsikia akilitangaza.

Kilomita chache mbele, kabla hatujaanza kupanda Kitonga, abiria wakaomba kuchimba dawa. Foleni ya choo cha hoteli ilikuwa imewashinda. Nikaegesha kwenye mibuyu. Wanaume kulia, wanawake kushoto, kama ilivyo desturi. Baada ya dakika tano nikapiga honi. Konda akapanda, akasimama mlangoni, akanyanyua kidole aanze kuhesabu vichwa. Nikamkatisha: "Twende, twende, malori yanatutangulia." Wewe unaijua Kitonga. Ukitanguliwa na lori la mzigo kwenye zile kona, utapanda nalo kwa gia moja mpaka juu, unavuta moshi wake, huna pa kulipitia. Nikaondoa basi kidole cha konda kikiwa bado hewani.

Tukapanda vizuri, njia nyeupe, nami nikajipongeza. Tukafika Ilula. Wauza nyanya wakalizunguka basi na ndoo zao, wakizinyanyua hadi madirishani. Katikati ya kelele zile, mtoto wa kiume wa kama miaka sita, aliyekaa na mama yake siti za nyuma yangu, akasema taratibu: "Bibi hajarudi."

Pembeni yake palikuwa na kapu la ukili. Ndani ya kapu mlikuwa na khanga iliyokunjwa, chupa ndogo ya chai, na rozari iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukazwa fundo. Bibi mwenyewe alikuwa na magoti mabovu. Asubuhi kule Dar nilimwona kwa macho yangu akisaidiwa kupanda, mmoja akimvuta mkono na mwingine akimsukuma kwa nyuma, naye akicheka na kuwaomba radhi. Kwa hiyo tangu saa kumi na mbili nilijua kwamba dakika tano hazimtoshi.

Basi likagawanyika. Kuna waliosema turudi. Kuna waliosema hapana, kuna mmoja alikuwa anawahi maziko Njombe, tena alikuwa na haki ya kuwahi. Mwisho wote wakanitazama mimi. Nikasema tukishuka Kitonga na kuipanda tena tutaingia Songea usiku wa manane, na kwamba nyuma yetu kuna mabasi, watamwona, watampakia.

Konda hakubishana nami. Alinikabidhi kitabu cha tiketi na fedha za safari, akachukua lile kapu, akavuka barabara, akasimamisha lori la mbao lililokuwa likitoka Mafinga kwenda Dar. Akadandia juu ya mbao, kwenye jua lile, na saumu yake. Sikumwambia nenda, sikumwambia rudi. Nikawasha gari.

Walifika Songea kesho yake jioni kwa basi la watu wengine. Nilikuwa stendi nawasubiri, sikuwa nimelala. Konda alinieleza kwamba alimkuta bibi amekaa juu ya mzizi wa mbuyu, na vijana wawili wachunga mbuzi wamekaa naye, wanamsikiliza hadithi. Jua lilipozama walikuwa bado barabarani, na konda akafuturu kwa ndizi mbili na maji ya chupa ya dereva mmoja wa lori. Bibi aliposhuka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijiandaa kwa matusi. Akaniuliza kama abiria wote tulifika salama, na kama yule mtoto wa siti ya jirani alipokelewa na watu wake.

Mpaka leo wali maharage wa siku ya Ijumaa unapita kooni kwangu kwa taabu kidogo.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiniulize kama Kwaresima ya barabarani inahesabika. Mimi niliishika Kwaresima yangu kwenye sahani, ikaniponyoka kwenye mlango wa basi. Wewe mlango huo ndio kazi yako. Hesabu vichwa, hata dereva akikufokea. Chenji ya mzee irudishe kabla hajashuka, acha ule mchezo wa "nitakupa mbele" mpaka mbele inaisha. Wiki ya Pasaka watu watajaa stendi na nauli zitaanza kupanda kienyeji. Wewe kata tiketi kwa bei iliyoandikwa. Fungua Isaya sura ya 58 siku gari likiharibika na mnasubiri fundi. Ni sura fupi, na inazungumza habari za saumu vizuri kuliko mimi nitakavyoweza.

Na mama yako pia ana lake. Siku ya mapumziko usilale mpaka saa sita. Nenda misa ya asubuhi ya siku hiyohiyo, hata kama ni Jumanne na waumini ni wanne. Na kitubio hakisubiri Jumapili: gonga mlango wa paroko, mwambie basi linaondoka saa mbili. Mapadri wengi wamewahi kuachwa na basi, watakuelewa.

"Mwalimu, niko Muscat mwaka wa pili, nafanya kazi za ndani. Mwenzangu wa nyumba ya jirani huenda kanisani Ruwi siku ya Ijumaa, mimi siruhusiwi kutoka. Sasa ni Ramadhani, naamka saa nane usiku kuandaa daku, jioni futari, vyombo navimaliza saa sita. Kwaresima inanipita hivihivi. Nilisafiri mbali kutafuta maisha, naona nimemwacha na Mungu nyumbani." — Mtoto wa Tabora, Oman

Mwanangu, pole kwa kazi. Hebu nikueleze ile Njia ya Msalaba unayoikosa ilitoka wapi.

Zamani Mkristo mwenye uwezo alifunga safari kwenda Yerusalemu, akatembea kwa miguu yake pale Bwana alipotembea. Yupo mwanamke mmoja, Egeria, aliyetoka magharibi ya mbali kabisa akafika huko miaka ya 380. Aliwaandikia wanawake wenzake waliobaki nyumbani, akawaeleza jinsi watu wa Yerusalemu wanavyofunga, na jinsi wanavyoshuka kutoka Mlima wa Mizeituni na matawi mikononi, hata watoto wachanga wakiwa wamebebwa mabegani. Barua ya mwanamke aliye ughaibuni, kama yako. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ruhusa ya kutoka.

Lakini wangapi waliweza kwenda? Wakulima, watumwa, wagonjwa, kina mama wenye watoto mgongoni, hao hawakuwa na nauli ya Yerusalemu. Wafransisko walikuwa wamekabidhiwa kutunza mahali patakatifu kule tangu 1342, na ni wao waliofanya kazi kubwa ya kuileta ile njia makwao, kituo kwa kituo, kwenye kuta za makanisa. Mwaka 1731 Papa Klementi wa Kumi na Mbili akaiweka idadi kuwa vituo 14, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kwa hiyo ile picha ndogo ya kituo cha nne kwenye ukuta wa parokia yenu Tabora ni Yerusalemu ya waliokosa nauli. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Huna ukuta wenye picha, ila una nyumba. Kazi za ndani ni kutembea kutwa bila kufika popote: jikoni, ngazi, kamba ya nguo, sinki, ngazi tena. Chagua mahali 14. Ukipita pa kwanza, sema la kwanza moyoni, halafu endelea kufagia. Usihangaike kuvimaliza vyote siku moja. Ukilala kwenye kituo cha sita, amka nacho. Cha nne, pale Yesu anapokutana na mama yake, kiweke siku unayopiga simu Tabora.

Na hiyo daku usiichukie. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18 na Ramadhani ikaingia papo hapo, kwa hiyo unapika katika nyumba inayofunga nawe unafunga. Siku unapochoka, waombee hao unaowapikia. Itakupunguzia kinyongo, maana kinyongo nacho kinachosha kuliko vyombo.

Jambo moja nalisema kwa ukali, nisamehe. Kama hulipwi, kama unapigwa, kama hati yako ya kusafiria imefichwa, usijiambie kwamba huo ndio msalaba wako wa Kwaresima. Hapana. Nimeona watu wakiwapoza mabinti kwa maneno hayo na nikakasirika. Kujinyima ni kile unachokitoa mwenyewe. Unachonyang'anywa kina jina lingine, na ubalozi wa Tanzania upo hapohapo Muscat. Hifadhi namba yake kwenye simu, na mpe mwenzako wa jirani nakala ya mkataba wako.

"Salaam Mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, Nakuru. Tukishuka lile bonde kuelekea Mai Mahiu kuna kanisa dogo sana kando ya barabara. Watu hushuka kupiga picha. Ni kweli lilijengwa na wafungwa?" — Msomaji, Kenya

Ni kweli, ndugu. Kanisa la Wasafiri ndiyo jina watu wanalolijua. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano, wanajeshi waliokamatwa na Waingereza vita vilipopiganwa huku kwetu upande wa Ethiopia na Somalia, wakaletwa kuchonga barabara ile kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ndani hamzidi watu kumi na wawili hivi, na hao wabanane. Mimi nimeingia mara moja tu, nikasimama na dereva mmoja wa matatu aliyeingia na funguo mkononi, akapiga magoti kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, akatoka.

Wajenzi wake hawakuwa wamesafiri kwa hiari, na hawakujua kama watarudi kwao. Walipasua mwamba kutwa kwa amri ya mtu, halafu mawe mengine wakayapanga kuwa kanisa. Ukiwa na gari tupu na breki nzuri, simama siku moja ya Kwaresima uingie. Ukiwa na mzigo, usisimame! Sala moja ukiwa unatembea inatosha, kuliko kuziba barabara kwenye mteremko ule, halafu wa nyuma yako apate misa ya wafu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Jumuiya yetu ya Kimara tumepanga hija ya Bagamoyo Jumamosi ya Machi 28, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Mchango ni shilingi 45,000 kwa mtu: Coaster, chakula, na kitenge cha sare pamoja na kushona. Wajane wawili na kijana mmoja wa bodaboda wameshindwa. Mwenyekiti anasema asiye na sare asije, picha zitaharibika. Wengine wanataka tukodi spika. Mimi ni katibu, nimebanwa katikati." — Dar es Salaam

Milele amina. Katibu, hapo mmeandaa pikiniki, na pikiniki si dhambi, ila muiite jina lake mkaifanye baada ya Pasaka.

Anza na kitenge. Kitoe. Utaona mchango unavyoshuka, na wale watatu wanavyopata sauti. Mwenyekiti akilalamikia picha, mwambie kanga na shati la kila siku vinapendeza sana kwenye picha za Kwaresima, vinaonyesha watu walivyo. Spika ibaki Kimara. Waliozoea kwaya wataimba kwa midomo.

Kisha mjue mnakwenda wapi. Nimeshaona Coaster ikishusha watu ufukweni moja kwa moja, wakala samaki, wakapiga picha na msalaba, wakarudi, na hakuna aliyeuliza msalaba ule unafanya nini pale. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanza misheni hapo mwaka 1868, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwakomboa watumwa na kuwapa mahali pa kuishi. Bagamoyo ndipo njia ya misafara kutoka Ujiji, ziwa Tanganyika, ilipoishia baharini. Watu walitembea zaidi ya kilomita elfu moja na pembe za ndovu mabegani, wengine na minyororo shingoni, na walipoiona bahari ile baadhi yao walijua kwamba nyumbani hawatarudi. Hiyo ndiyo barabara mnayokwenda kukanyaga mwisho wake.

Kwa hiyo shukeni mjini, Coaster itangulie. Mtembee kutoka ufukweni, penye msalaba, hadi misheni, kwa kufuata ile njia ya miembe. Nusu ya mwendo mwende kimya. Nasema kimya, simu mkobani. Mkifika pitieni makaburi ya wamisionari, msome umri wao kwenye mawe. Wengi walikuwa vijana, homa iliwamaliza. Pitieni na mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa karibu miezi tisa kutoka kule inakoitwa Zambia siku hizi. Nawafikiria sana wabebaji wale. Wangeweza kumzika bosi wao chini ya mti alipofia na kwenda zao, hakuna ambaye angewalaumu.

Chakula kiwe cha kubeba, kila mtu na chake, halafu mkichanganye mkifika. Wajane wenu watawashangaza, wapishi wazuri siku zote ni wale wasiochangia hela. Kila mmoja awe na maji lita moja na nusu, kofia au kanga ya kichwani, na viatu alivyokwisha kuvizoea. Mwezi wa tatu Pwani ni joto, na mvua inaweza kuwakuta humohumo.

Mkimaliza, jioni, mnaweza kwenda ufukweni mkale samaki wenu. Itakuwa Jumamosi, sina ugomvi na samaki.

Ila wakati wa kuondoka, katibu, wewe uwe wa mwisho kupanda. Dereva atakuwa na haraka, atapiga honi, atakwambia foleni ya Tegeta inaanza. Mwache apige. Simama mlangoni, nyanyua kidole, hesabu vichwa, kisha hesabu tena. Anza na wenye magoti mabovu.